Programu ya maana za majina ya Kiarabu na Kiajemi: uzoefu wangu baada ya kuilipia

Akika ya mtoto wa dada yangu ilikuwa imekaribia na ukoo ulikuwa bado unavutana. Bibi anataka Khadija, baba mtoto anataka Shirin, na kila mtu ana maana yake aliyoiokota mtandaoni. Nikalipia programu hii ya simu. Bado naitumia, maana nimeipenda kweli.

Nguvu yake ni mizizi. Ukifungua Hamid, inakuonyesha herufi tatu, ha, mim na dal, zenye maana ya kusifu, kisha inakuletea ndugu zake: Ahmad, Muhammad, Mahmud, Hamad. Ukitafuta Abdul peke yake inakuambia jina halijakamilika, kwa sababu lazima useme ni mja wa nani: Abdulrahman, Abdulkarim. Nimeona watu wazima wakishangaa hapo.

Tena haipambi. Kurasa nyingi za bure hugeuza kila jina la kike kuwa malkia au nyota. Hapa Khadija ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, Fatma linatokana na kumwachisha mtoto ziwa, na Abbas ni mwenye kukunja uso, sifa ya simba. Dada alisita aliposikia ya Khadija. Mimi nilimwambia uzito wa jina hilo umetoka kwa Bi Khadija mwenyewe, mke wa Mtume, na hakuna kamusi inayoweza kuupunguza.

Upande wa Kiajemi ndio ulionifurahisha zaidi, kwa sababu huku kwetu majina hayo yote tunayaita ya Kiarabu. Shirin ni tamu. Yasmin limetoka Uajemi likapitia Kiarabu. Firuz, yaani mshindi, zamani lilikuwa Piruz. Kiarabu hakina p, ikawa f, na Waajemi wenyewe wakalizoea hivyo. Mirza ni mchanganyiko: amiri ya Kiarabu na zada ya Kiajemi, mzaliwa wa amiri. Farrokh, mwenye bahati, ndilo jina alilopewa mwimbaji Freddie Mercury alipozaliwa Unguja mwaka 1946, kwa wazazi wa Kiparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi. Hilo la Freddie nalijua mwenyewe, programu haikulitaja, na ingefaa ilitaje.

Sasa kasoro, na hii ni kubwa kwetu Waswahili: haizijui tahajia zetu. Andika Athumani, hakuna kitu. Mpaka uandike Uthman. Salumu hakuna, Rashidi hakuna. Mombasa wanaandika Swaleh na Swabra ili herufi ya Kiarabu swadi, ile s nzito, isikike, Tanzania tunaandika Salehe na Sabra, na programu haipokei hata moja kati ya hizo nne. Asha, jina lililojaa kila mtaa wa pwani, halimo; inabidi ujue mwenyewe kwamba ni Aisha, mwenye kuishi. Mtu asiyejua Kiarabu atadhani jina la bibi yake halina asili. Hilo linaniuma.

Pia wameweka Maryam kwenye fungu la Kiarabu bila kueleza kwamba lilikuwepo katika Kiebrania kabla. Sauti ya matamshi ni ya mashine, herufi ya Kiarabu ain haisikiki vizuri. Haihitaji intaneti ukishaipakua, na ukilipia matangazo yanaondoka.

Naipa nyota nne kati ya tano. Wazazi wanaosaka jina wailipie, walimu wa madrasa vilevile, ila wajue maelezo yapo kwa Kiingereza na Kiarabu tu, kwa hiyo wazee watahitaji kusomewa. Nimewatumia watengenezaji orodha ya tahajia za Kiswahili, kuanzia Athumani hadi Zuhura, na kila jina nimeliandikia umbo lake la Kiarabu pembeni. Wakiziingiza, nitarudi kuongeza nyota ya tano.