Halo: The Master Chief Collection kwenye PC, uzoefu wangu na ule ubishi wa kwamba haina stori

Niseme mapema, mi sio mtu wa kucheza mtandaoni, intaneti ya huku kwetu Makorora, Tanga, ikifika jioni ni ya kubembeleza, kwa hiyo hapa nazungumzia kampeni tu, yaani misheni unazocheza peke yako, na stori yake, anayetaka habari za mechi za kushindana atafute kwingine.

Kifurushi kina gemu sita za Halo, za kupiga risasi kwenye vita vya angani: Reach, Halo ya kwanza, ya 2, ya 3, ODST na ya 4. Bei kamili kwenye duka la Steam ni kama dola 40 ila usiwe na haraka, ofa zikija inashuka hadi dola 10 hivi. Ukishusha zote inakula zaidi ya GB 100, lakini wanakuruhusu kuchagua moja moja, unacheza, unafuta, unashusha inayofuata, na ndivyo nilivyokwenda nazo maana bando la usiku nalo lina mwisho. Laptop yangu ya mtumba imezibeba vizuri tu, gemu zenyewe za zamani, ya kwanza ilitoka 2001 kwenye Xbox.

Sasa ubishi. Nina mtoto wa shangazi anakaa Likoni, akivuka mpaka wa Horohoro kuja Tanga tunakesha kwenye gemu, na yeye ni mtu wa PlayStation damu. Msimamo wake ni kwamba Halo haina stori, "ni lijitu la kijani kibichi halionyeshi sura, linapiga risasi, basi", yaani Master Chief, shujaa wa hizi gemu. Hilo la sura nilimjibu kirahisi. Lakini ana hoja nyingine ambayo mi mwenyewe naiona ina uzito, anasema kaka, stori ya gemu ikikutaka ukasome vitabu ndio uielewe basi hiyo sio stori ya gemu, hilo ni tangazo la vitabu. Hapo ndipo penye mjadala wenyewe, na jibu langu baada ya kuzimaliza zote sita ni kwamba inategemea unazungumzia Halo ipi, kwa sababu hii series inasimulia vizuri sana pale inapokuacha uone kwa macho yako na inaharibu pale inapoanza kukueleza.

Chukua ile misheni ya 343 Guilty Spark kwenye gemu ya kwanza. Umetoka kupigana na Covenant, jeshi la viumbe wa sayari nyingine, mwanzo mwisho, halafu unashushwa kwenye kinamasi, ukungu, unaingia jengo la chini na hakuna wa kupigana naye. Damu ukutani. Covenant unaowaona wanakimbia, na hawakukimbii wewe. Unamkuta mwanajeshi wenu kachanganyikiwa anafyatua ovyo hata wewe hakutambui, mbele unaokota helmeti ya mwenzao, Jenkins, ndani yake kuna rekodi, unaangalia yaliyowapata, na rekodi ikiisha tu milango ya chumba ulichomo inaanza kugongwa. Ndio Flood hao, vimelea wanaoingia mwilini mwa mtu na kumgeuza. Mpaka dakika hiyo hakuna aliyekuhutubia kuhusu Flood, na ukija kuambiwa baadaye kwamba hilo pete la Halo, pete kubwa la angani ambalo ndani yake ndimo unamopigana, lenye kipenyo cha kilomita 10,000, kazi yake ni kuua viumbe wote wenye akili ili Flood wakose chakula, unaelewa mara moja kwa nini kuna mtu alifikia kujenga kitu cha kichaa namna ile. (Misheni inayofuata, The Library, ni korido zilezile zinajirudia mpaka unachoka, siitetei.)

Halo 2 ndio ilinipa nguvu zaidi kwenye ubishi. Humo nusu ya stori unacheza kama Arbiter, kamanda wa Covenant anayelaumiwa kwa kuachia pete liharibiwe, anapigwa chapa ya aibu mbele za watu, anapewa kazi za kwenda kufa, na polepole anagundua manabii wake walikuwa wanamdanganya. 2004 ilipotoka watu kibao walilalamika, wao walitaka Master Chief tu, na ikakatishwa njiani kabisa wakasubiri mwisho mpaka 2007. Mi nimeicheza leo, Halo 3 ipo palepale kwenye menyu, kwa hiyo hayo maumivu hayakunigusa, na vipande vya filamu vilivyotengenezwa upya na studio ya Blur kwa toleo la 2014 ni vizuri mno yaani. Jitu la upande wa pili likawa na aibu na imani na hasira, halafu mtu anasema hakuna stori?

Kinachonikera ni Halo 4, gemu mpya ya kwanza ya studio ya 343 Industries baada ya Bungie, waliotengeneza zile za mwanzo, kuondoka. Upande wa Cortana ni mzuri, akili bandia ambayo umri wake wa kama miaka saba umekwisha na anaanza kupasuka kichwani huku Chief hajui la kufanya, pale mwisho nilinyamaza kidogo. Ila adui, huyo Didact, katokea tu anaongea kwa madaha, ni nani, ana kisasi gani, video zake unazitafuta zimefichwa huko kwenye levo, na hatima yake ikaenda kumaliziwa kwenye komiki! Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Halo 5 haijaletwa PC kwa hiyo nimeitazama YouTube, ile ambayo matangazo yalikuahidi msako wa Chief msaliti halafu unamchezea Chief misheni tatu kati ya 15, na Cortana aliyekufa karudi ni adui. Halo Infinite ya 2021 ikaja ikayatupa hayo pembeni, Cortana unasimuliwa tu yaliyompata, na adui mpya Atriox katokea kwenye Halo Wars 2, gemu ya aina nyingine kabisa. Kila gemu inafuta ubao wa mwenzake. Hapo nilimwachia pointi zake zote.

Halafu nikamwashia ODST.

Hii ilianza kama nyongeza ya Halo 3, ikatoka 2009, na yote inatokea New Mombasa mwaka 2552. Mombasa hiyohiyo. Wewe sio Chief, ni mwanajeshi wa kawaida hata jina hana, wanamwita Rookie, umedondoshwa kutoka angani ukazimia masaa sita, unaamka usiku, mji mtupu, mvua, saksafoni inalia kwa mbali. Hujui wenzako wako wapi. Unazunguka mitaani unaokota vitu, bunduki ya snaipa iliyopinda inaning'inia kwenye nyaya, unaishika, na gemu inakurudisha mchana kukuonyesha ilipindaje. Akili bandia inayoendesha mji haiwezi kuongea nawe vizuri kwa hiyo inakuelekeza kwa taa, simu za barabarani zinazolia, vibao vya trafiki. Na kuna rekodi za sauti za binti anaitwa Sadie Endesha anamtafuta baba yake mji ukianguka, usipozitafuta hutazisikia, ukizipata unajua kwa nini huo mji unakusaidia. Kitabu hakihitajiki hata kimoja.

Mwenzangu alikuwa anatafuta kasoro. Kizingo Boulevard, unapita na kifaru, akasema Kizingo hii hata harufu ya mihogo ya Lighthouse haipo, na wanajeshi wote lafudhi za Marekani, wenyeji wamekwenda wapi? Sawa, wamehamishwa, lakini ana haki, mji umekopwa majina, Kikowani, Tayari, watu wake ni wachache mno. Nikamrudisha Halo 2 nikamwonyesha lile daraja refu la kuingilia mjini, nikamwambia ona, miaka mia tano na kitu mbele mmepata daraja. Akasema ataamini feri ya Likoni ikistaafu. Ila alikesha na ODST mpaka adhana ya alfajiri, na alikataa kunipa pedi.

Reach sitaisema sana. Unajua tangu mwanzo sayari itaanguka na wenzako wanakufa mmoja mmoja, mwingine ghafla katikati ya sentensi, na misheni ya mwisho lengo lililoandikwa ni kuishi tu na haiwezekani.

Mpangilio: menyu inaweka Reach mwanzo kwa sababu kimatukio ndio ya kwanza, mi nakushauri anza na ya 2001, kisha 2, 3, ODST, ndio uje Reach, ya 4 ukipenda. Na kama huna haraka wala huna PC, Oktoba 2025 walitangaza kampeni ya gemu ya kwanza inatengenezwa upya na itaingia mpaka PS5. Binamu keshanitumia tangazo, anasema hiyo ataipitia kwa sababu ya grafiki, sio stori.