Bodaboda za umeme Kampala: tathmini ya huduma ya kubadilisha betri

Tangu kampuni ya Zembo ilipoanzishwa mwaka 2018, huduma ya kubadilisha betri za bodaboda za umeme imeenea Kampala, na leo kampuni nyingine zinaitoa pia, zikiwamo Gogo na Spiro. Ninaitumia kama abiria na kama mwenye duka anayepelekea wateja vifurushi, na naiona kuwa miongoni mwa huduma bora zilizoingia jijini katika miaka ya karibuni.

Mwendeshaji akiona chaji inakaribia kwisha, anaingia kituoni, anachomoa betri, mhudumu anaichomeka kwenye kabati la kuchajia na kumpa nyingine iliyojaa, malipo yanafanyika kwa simu, na baada ya dakika chache yuko barabarani tena. Hapo ndipo penye siri ya huduma nzima, kwa sababu mtu anayetafuta riziki kwa safari fupifupi hawezi kukaa saa kadhaa akingoja betri ijae, na kwa kuwa betri hubaki mali ya kampuni, halazimiki kuinunua pamoja na pikipiki.

Faida kwa hewa ni kubwa. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, ilhali umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa hutokana na maji ya Nile, kupitia mabwawa kama Bujagali, Isimba na Karuma, hili la mwisho likiwa na uwezo wa megawati 600. Kwa hiyo hapa kwetu moshi hauhamishwi kutoka barabarani kwenda kwenye mtambo wa kuzalisha umeme, unapungua kweli. Abiria naye anafaidi: kilima cha Nakasero kinapandwa bila mtetemo wala harufu ya mafuta. Ukimya huo, hata hivyo, unadai uangalifu, kwani katika msongamano wa soko la Owino mtembea kwa miguu hasikii kinachomjia nyuma.

Kasoro inayoniudhi ni kwamba betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Mwendeshaji ninayemtuma mara kwa mara hulazimika kupita kituo kilicho jirani, chenye betri zilizojaa, ili akapange foleni ya jioni katika kituo cha kampuni yake. Serikali ingeweka kipimo kimoja cha betri kwa wote, idadi ileile ya vituo ingehudumia watu wengi zaidi, na wenye pikipiki za petroli wangekuwa na sababu moja pungufu ya kusita.

Kwa anayefanya kazi ndani ya jiji, ninaipendekeza bila kusita. Anayekwenda Mukono au Mpigi kila siku aulize kwanza vituo vya kampuni yake viko wapi kwenye njia hiyo, kabla hajatia saini mkataba wa mkopo wa pikipiki.