Uzoefu wangu na fstrim: amri ya kuachia vitalu visivyotumika kwenye SSD

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikitumia fstrim, amri ndogo ya mfumo endeshi wa Linux ambayo huijulisha diski ya SSD (ile inayotunza data kwenye chipu, bila sahani inayozunguka) ni sehemu zipi za hifadhi yake hazina faili tena. Kwa kuwa wapiga picha wenzangu wa hapa Mtwara huniuliza kwa nini diski yangu ya bei nafuu bado inakwenda ilhali zao zimechoka, nimeona niandike tathmini moja kuliko kumjibu kila mmoja peke yake. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaieleza.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na sherehe nyingine, katika chumba kimoja cha kupanga maeneo ya Chikongola. Kazi hii ina msimu wake. Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba na malipo yakawafikia wakulima wa Tandahimba, Newala na Nanyamba, simu yangu haipumziki, na wikendi moja inaweza kuniletea kadi nne za GB 64 zilizojaa hadi pomoni. Nazimimina zote kwenye SSD ya GB 480, nahariri, namkabidhi mteja flashi yake, nafuta, kisha naanza upya. Kwa hiyo diski yangu hujazwa na kufutwa karibu kila wiki, na sijui mateso makubwa zaidi ya hayo kwa SSD ya bei rahisi.

Ilipokuwa mpya, kumimina kadi moja kulichukua dakika kumi na tatu hivi. Kufikia mwisho wa msimu wa kwanza kadi ileile ilichukua dakika arobaini na ushei, na programu ya kuhariri ilikuwa ikiganda kila nilipohifadhi, ingawa kompyuta ilinionyesha kwamba nusu ya diski ni tupu. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika mbili akanishauri ninunue nyingine. Ningemsikiliza, isipokuwa mfuko haukuniruhusu.

Ili tathmini hii ieleweke, ni lazima nieleze kidogo kinachotokea ndani. SSD haiandiki juu ya kilichokuwapo kama ilivyo kwa diski ya sumaku. Huandika kwa kurasa za kilobaiti chache, lakini haina uwezo wa kufuta ukurasa mmoja. Hufuta kitalu kizima, chenye mamia ya kurasa na ukubwa wa megabaiti kadhaa, kwa mkupuo mmoja. (Sisi wa huku neno kitalu tumelizoea kwenye habari za gesi, lakini hapa ni hicho tu: kipande cha hifadhi kinachofutwa kwa pamoja.) Nawe unapofuta faili, mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoorodhesha faili gani iko wapi, hufuta taarifa zake kwenye daftari lake wenyewe, na diski inaweza isiambiwe lolote.

Aliyewahi kuingia kwenye ghala la chama cha msingi atanielewa upesi. Karani ofisini amekwisha kuandika kwamba magunia mia mbili yameoza na hayahesabiwi tena, lakini mtunza ghala hakupewa habari. Basi mtunza ghala anaendelea kuyalinda magunia yale, anayahamisha kutoka kona hii kwenda kona ile kila anapotaka kupanga mzigo mpya, na lori likifika na korosho safi linasubiri nje huku vibarua wakitoka jasho kubeba uozo. Kidhibiti cha SSD, yaani chipu inayoiendesha diski, ndicho mtunza ghala huyo. Kabla ya kufuta kitalu, hunakili kwanza kurasa zote anazodhani bado zina mwenyewe, na kila nakala ya bure hupunguza kasi na kula sehemu ya umri wa diski. Fstrim ni karani anayenyanyuka kitini, anakwenda ghalani na kumsomea mtunza orodha yote ya magunia yasiyo na mwenyewe.

Kwa matumizi, amri yenyewe haina maringo. Imo ndani ya kifurushi cha util-linux, ambacho karibu kila Linux ya kompyuta inacho tayari, hivyo sikupakua kitu wala kumaliza bando. Unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika `sudo fstrim -v /` na baada ya sekunde chache, au dakika moja na zaidi kwa diski kubwa, inakutajia ni gigabaiti ngapi za nafasi tupu imezitangaza kwa diski. Ukitaka mifumo yote ya faili iliyopachikwa (iliyounganishwa ili kompyuta iitumie) kwa wakati huo, unaweka `-a` mahali pa alama ya mkwaju.

Tabu yangu ilianza hapo, kwa sababu diski ya kazi haikuwa ndani ya kompyuta. Niliitumia kwenye kasha la nje la USB, la bei ya kutupa, na nilipoielekezea fstrim nilijibiwa kwamba kitendo hicho hakikubaliki kwenye kifaa hiki. Nilidhani diski ni bandia. Baadaye nikaifahamu amri nyingine, `lsblk -D`, ambayo leo ningemshauri kila mtu aanze nayo kabla hata ya kuigusa fstrim: huorodhesha diski zote na kuonyesha, katika safu za DISC-GRAN na DISC-MAX, iwapo kila moja inapokea taarifa za kuachia vitalu. Penye sifuri, njia imeziba. Kwangu palikuwa na sifuri. Nikaitoa diski ileile kwenye kasha, nikaichomeka kwa waya wa SATA ndani ya kompyuta ya mezani ya jirani yangu mwenye steshenari, na sifuri zikaondoka. Kumbe kasha ndilo lililokuwa halifikishi ujumbe. Nikaiendesha fstrim pale pale dukani kwake. Ikatangaza GiB 212 (GiB ni gigabaiti kwa hesabu ya kompyuta). Umeme ulikatika kabla sijaanza kunakili chochote, kama ilivyo kawaida ya siku unayoihitaji kompyuta, lakini ulipochangamka tena faili zangu zote zilikuwapo, na jioni ile kadi ya GB 64 ilimiminika kwa dakika kumi na nne.

Nililinunua kasha jingine, ambalo maelezo yake yalitaja itifaki ya UASP, njia mpya zaidi ya diski kuwasiliana na kompyuta kupitia USB, na hilo linapitisha ujumbe bila shida. Sisemi kwamba kila kasha la UASP litafanya hivyo. Ukiwa dukani na una kompyuta yako mkononi, chomeka, endesha `lsblk -D`, ndipo utoe fedha.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera, na ndilo lililokula sehemu ya nyota. Wengi hupenda kusema kwamba Linux za siku hizi hufanya kazi hii zenyewe, na ni kweli kwa kiasi: Fedora, kwa mfano, iliwasha ratiba ya fstrim.timer kwa chaguo-msingi tangu toleo la 32 la mwaka 2020. Kwenye Linux niliyoiweka mimi haikuwa imewashwa, nikaiwasha kwa `sudo systemctl enable --now fstrim.timer`, nikalala usingizi wa raha. Wiki tatu baadaye kasi ilianza kushuka tena. Nilipochunguza niligundua kwamba ratiba hiyo hupita kwenye diski zilizoandikwa ndani ya faili la /etc/fstab, na diski ya nje uliyoipachika kwa kubofya tu kwenye dirisha la faili haimo humo. Amri ilikuwa ikiusafisha mfumo endeshi kila wiki kwa uaminifu na kuiruka diski pekee iliyokuwa na kazi. Hakuna onyo lolote linalotolewa. Kwa ratiba, kila kitu kimekwenda sawa. Nimeiandika diski yangu kwenye fstab, pamoja na neno `nofail` ili kompyuta isigome kuwaka siku ambazo sijaichomeka, na tangu hapo hatujagombana.

Kwa upande mwingine, ratiba hiyo ina jambo moja lililonifurahisha sana kwa mazingira yetu. Imepangwa kuamka kila wiki, usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu, saa ambayo kompyuta yangu huwa imezimwa na waya umechomolewa ukutani. Lakini imewekewa kumbukumbu, kiasi kwamba ikikosa zamu hiyo kwa sababu ya mashine kuzimwa, huifanya mara mashine inapowashwa. Mara moja kwa wiki inatosha. Mwongozo wa amri hii wenyewe unatahadharisha kwamba kuiendesha mara kwa mara mno kunaweza kufupisha maisha ya diski duni, na ndiyo sababu sikufuata ushauri wa kupachika diski kwa chaguo la `discard`, ambalo hupeleka taarifa kila faili linapofutwa.

Yapo na madogo. Chaguo la `-n`, ambalo ungelitarajia likupe makisio kabla ya kazi, hujibu baiti sifuri tu, kwa hiyo sioni linanisaidia nini. Na namba inayotolewa na `-v` imewapotosha watu wawili ninaowafahamu: mmoja alidhani amepewa GiB 150 za ziada za kuhifadhia, ilhali nafasi yake ya kuandikia haikuongezeka hata kidogo, mwingine aliirudia amri papo hapo, akaona sifuri, akaogopa kwamba imeharibika. Kwenye mfumo wa faili wa ext4 ni kawaida, kwa kuwa hukumbuka maeneo ambayo tayari yametangazwa na kuyaruka mpaka diski ipachikwe upya. XFS, mfumo mwingine wa faili, wenyewe hutangaza yote upya kila mara.

Lililo zito kuliko yote nililijifunza kwa aibu. Jumamosi moja nilifuta picha ghafi za harusi ya Mikindani baada ya mteja kuchukua flashi yake. Jumatatu ratiba ikapita. Jumatano mama wa bibi harusi akabisha hodi, mtu mzima na upole wake, akasema, "Mwanangu, zile za bibi yake akiwa anacheza, mbona humu hazimo?" Hazikuwamo kwa sababu mimi nilizikata wakati wa kuhariri. Kabla ya fstrim niliwahi kuokoa kazi iliyofutwa kwa kutumia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, maana data hubaki mahali pake mpaka iandikwe juu yake, hivyo nilimkaribisha mama kiti nikiwa na matumaini. Programu ilipita diski nzima na kusoma sifuri tupu kila mahali ambapo harusi ile ilikuwapo. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya "Samahani sana, mama." Aliitikia "Haya," akaondoka, na angalinifokea ningejisikia vizuri zaidi.

Siihesabu hiyo kuwa dosari ya fstrim; ilifanya kile kilichoandikwa kwenye mwongozo wake. Ila hakuna mahali inapomkumbusha mtumiaji kwamba kufuta sasa ni kufuta kweli, na nyota niliyoizuia imekwenda hapo na kwenye ile ratiba inayoruka diski kimya kimya. Siku hizi sifuti picha ghafi mpaka mteja ameitazama flashi yote mbele yangu na wiki mbili zimepita.

Ndugu wa karibu wa fstrim, amri ya blkdiscard, nimemtumia mara moja tu, na sitaki mtu amchanganye na fstrim. Fstrim hugusa nafasi tupu ya mfumo wa faili uliopachikwa na kuziacha faili zako. Blkdiscard huachia vitalu vya kifaa kizima, kilichomo na kisichokuwamo. Matoleo mapya yakikuta mfumo wa faili kwenye kifaa hukataa mpaka uongeze `-f`, na mimi nilisoma jina la kifaa mara tatu kabla ya kuliongeza. Nilikuwa nikiisafisha SSD ndogo ya zamani ili nimuuzie kijana mmoja wa Lindi, na ilimaliza kwa muda mfupi kuliko niliotumia kusoma jina. Kwa diski yenye siri za watu nisingeitegemea hiyo peke yake, kwa kuwa si kila diski huapa kwamba kilichoachiwa hakisomeki tena.

Wanaotumia Windows 10 na kuendelea hawahitaji lolote kati ya haya kwa diski ya ndani, kwani zana yake ya kuboresha diski hufanya kazi hiyo kwa ratiba. Kuhusu makasha ya USB, shida ni ileile.

Diski yangu ni ileile aliyosema fundi kwamba imekufa. Jumatatu iliyopita kumbukumbu za mfumo, ninazozisoma kwa `journalctl -u fstrim`, zilionyesha GiB 96 zimetangazwa, na kadi ya harusi ya Newala imemiminika leo asubuhi kwa dakika kumi na tatu na nusu.