TAHADHARI: Muuza "marini bodi" (plaiwudi ya kustahimili maji) mwenye ndoo ya maji mlangoni

Jamani, naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hasira ni yangu kwa nafsi yangu. Ile stesheni yangu ndogo ya treni za kuchezea bustanini, mliyoipiga picha Pasaka, haipo tena. Kazi ya miezi minne! Imenyeshewa usiku mmoja tu, asubuhi natoka na chai yangu nakuta ukuta wa upande wa reli umevimba na kuachana tabaka kwa tabaka kama chapati. Mjukuu ananiuliza, "Babu, stesheni imelewa?"

Sasa sikilizeni nilivyoingizwa mjini.

Jamaa nilimpata mtandaoni, nikamfuata dukani. Mlangoni ana ndoo ya maji, ndani yake kipande cha plaiwudi. "Mzee wangu, hicho kina wiki tatu humo. Kitoe, kikunje uone." Nikakitoa, nikakikandamiza kwa goti mbele ya watu. Kigumu kama kimekatwa leo. Akaniuliza najenga nini. Nikamwambia, stesheni ndogo ya treni za bustanini. Hakucheka! Nanyi mnajua ninavyochekwa, mzee mzima na treni. Yeye akasema, "Reli ya Tanga ile? Mjerumani alianza 1893, akafika Mombo 1905. Baba yangu alikuwa relini." Nikalegea palepale. Akaongeza na vipimo: njia ya upana wa milimita 45, uwiano wa 1 kwa 22.5, maana MGR, ile reli yetu ya zamani, ina upana wa mita moja. Dar hii nani anayajua hayo?

Juzi saa nane usiku ndipo nikagutuka. Yote hayo yamo kwenye maelezo ya picha zangu mwenyewe! Namba yangu anayo, status zangu anaziona. Kanisomea maneno yangu, nami nikamwona msomi.

Bodi aliyonionesha ilikuwa safi, milimita 9, ina muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini. Laki na kumi. Nikampa karatasi yangu ya vipimo, ukuta mrefu milimita 444 kwa jengo la mita 10, na vingine vyote. "Nikukatie hapahapa, mzee, mashine iko nyuma. Utapanda nayo bajaji bila tabu." Akaagiza soda. Nikakaa kwenye benchi, msumeno unalia huko nyuma, nami nakunywa tangawizi baridi najiona mteja mkubwa. Dakika ishirini. Vipande vikaja vimefungwa nailoni na selotepu, kila kimoja kina namba ya penseli. Sikufungua. Utafunguaje mzigo mbele ya mtu ambaye soda yake bado unayo mkononi? Bodi niliyoioneshwa ilibaki dukani kwake, iliyokatwa ni nyingine.

Na msiniambie habari za rangi. Nimepiga praima mikono miwili, rangi ya mafuta mitatu, kingo zote nimezishibisha gundi. Mbao za ukuta nimezichora mojamoja kwa mgongo wa kisu. Bati za paa nimezifinya kutoka makopo ya soda, mgongo hadi mgongo milimita 3.4, kwa kuwa bati halisi ni 76. Bati hazina hata mkwaruzo! Makopo ya kuokota yamepona, bodi ya laki na kumi imekufa.

Nimempigia, ananiambia, "Mzee, utakuwa uliiacha kwenye unyevu." Stesheni ya bustanini niifungie kabatini? Kesho yake kanibloku. Nimekwenda, kijana mwingine anadai bosi kasafiri. Ndoo bado ipo mlangoni.

Dalili zilikuwepo. Kingo za vipande zilikuwa na matundu, na tabaka la kati jeupe, laini, ukucha unazama. Nikadhani ni vumbi la msumeno. Kimoja kilikuwa na muhuri, nikafungua nyumbani wino ukanibaki kidoleni. Hata hapo sikushtuka! Bodi ikikatwa simama karibu na msumeno, soda utakunywa baadaye. Chukua na masalio, chemsha kipande sufuriani. Mimi nimechemsha juzi, too late kama wasemavyo vijana, kikawa uji. Mama watoto bado ananidai sufuria.

Huyu ni wa kufungiwa duka na kuwekwa ndani. Mimi yangu ni treni ya kuchezea, lakini wapo wanaonunua bodi kwake kutengeneza maboti, watu wanaingia nazo baharini! Jumatatu naenda Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao, kisha polisi. Jina lake siliandiki hapa mpaka nifungue jalada.

Kama nawe ulinunua kwake na risiti unayo, nitumie faragha. Mimi sikudai risiti. Mikono ilikuwa imeshika chupa.