Suspensheni ya gari la spoti la kila siku: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Duka lolote la vipuri litakuuzia springi, shokapu na stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Halitakuuzia nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, na hiyo ndiyo inayoamua kama gari litashika barabara au litaruka. Chukua gurudumu la mbele lenye milimita 70 za kupanda kabla shokapu haijagonga stopa, ile raba iliyovikwa kwenye fimbo yake. Ukilishusha gari milimita 40, zimebaki 30. Shimo moja linazimaliza, stopa inashika kazi ya springi, na ugumu wa upande ule unapanda ghafla. Kama uko katikati ya kona, tairi linaachia barabara bila kukuaga.

Mpangilio ulio hapa chini haukufuata bei wala sura. Umepima kila chaguo kwa namna linavyotumia nafasi hiyo, kwenye gari linaloenda kazini kila asubuhi, linalobeba abiria na mizigo, na ambalo mwenyewe anataka lifurahishe likipata barabara ya kona. Gari la uwanjani tu lina hesabu nyingine.

1. Kubadilisha vilivyochakaa, kisha alaimenti

Haipendezi kwenye picha, ndiyo maana wengi huiruka. Lakini gari lenye kilomita nyingi likifungiwa bushi mpya (mipira ya kwenye maungio), mauntingi mpya za shokapu na linki mpya za stabilaiza hubadilika kuliko lile lililofungiwa springi za bei mbaya juu ya mpira uliopasuka. Bushi iliyokufa huruhusu mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na chesisi, usogee ukifunga breki, na pembe za tairi hubadilika wakati uleule unapozihitaji zitulie.

Kagua gari likiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, ni boli jointi au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi endi. Ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na chesisi uusukume taratibu. Bushi nzima hurudi mahali pake, iliyochanika huachia mwanya. Kwa shokapu, unyevu mwembamba ulioshika vumbi si ugonjwa. Mafuta yanayotiririka ni ugonjwa, na tairi lililoliwa kwa mabonde-mabonde ni ushahidi mwingine. Kubonyeza bodi kwa mkono kunakamata tu shokapu iliyokufa kabisa. Iliyofikia nusu ya uhai wake itafaulu mtihani huo bila shida.

Bushi za poliyurethani zina mahali pake, hasa kwenye stabilaiza na kwenye mikono inayozunguka kwa mhimili mmoja. Zikiwekwa kwenye mkono unaohitaji kujipinda pande nyingi, hung'ang'ania, na shokapu nzuri uliyonunua haiwezi tena kufanya kazi kwenye mitikisiko midogo. Zinahitaji grisi ya silikoni, la sivyo zitalia kama kitanda cha zamani. Kwa gari la kila siku, bushi za mpira za kiwandani zinatosha.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, ndiyo hatua yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko zote kwenye ukurasa huu. Kwa mbele, kemba hasi, yaani tairi kuinama kwa ndani upande wa juu, ya digrii 1 hadi 1.5 inafaa magari mengi ya spoti ya barabarani. Nyuma, kiasi kama hicho au kidogo zaidi. Too, yaani pua za matairi kutazamana au kupeana kisogo, iwe sifuri au kutazamana kidogo sana mbele, na kutazamana kidogo nyuma ili mkia utulie. Watu huilaumu kemba tairi likiisha upande wa ndani. Mara nyingi mkosaji ni too: kemba ya digrii 1.5 yenye too sahihi hula tairi polepole, lakini too iliyopotoka hulikwangua kila mita unayokwenda.

Neno moja kuhusu matairi, ingawa si suspensheni: kama yaliyopo ni magumu au yamezeeka, anzia hapo. Hakuna shokapu inayoweza kuupa mpira mshiko ambao hauna.

2. Shokapu bora kwenye springi za kiwandani

Kama ungenunua kitu kimoja tu, ni hiki. Springi hubeba gari. Shokapu ndiyo inayolizuia lisiendelee kuyumba. Springi za kiwandani kwenye gari la spoti kwa kawaida si mbaya. Kinachokosekana ni mkazo wa kutosha wakati springi inarudi, ndiyo maana bodi huelea baada ya tuta na huchelewa kutulia ukibadili mwelekeo. Hapa nafasi ya gurudumu inabaki yote, urefu wa gari haubadiliki sana, na faraja haipotei kwa kiasi watu wanachohofia. Shokapu nzuri mara nyingi huifanya barabara mbovu ivumilike zaidi, kwa sababu bodi hutulia baada ya mtikiso mmoja badala ya mitatu.

Bilstein B6 ni mfano wa shokapu ya bomba moja yenye gesi ya shinikizo kubwa, iliyotengenezwa kwa urefu wa kiwandani. Haipozi nguvu kirahisi ikipata moto, kwa kuwa pistoni inayoelea hutenga gesi na mafuta, na mafuta hayapigi povu. Udhaifu wake: ganda la nje ndilo silinda yenyewe, kwa hiyo kwenye aina zisizogeuzwa juu chini, jiwe likilibonyeza, pistoni inaweza kukwama. Koni Sport ni ya kurekebishwa; unaongeza mkazo wa kurudi kadiri springi inavyokuwa ngumu au inavyochakaa. Koni Special Active, iliyojulikana zamani kama FSD, ina vali inayolegeza mkazo kwenye mitetemo ya haraka ya barabara na kuukaza kwenye miyumbo ya polepole ya bodi. Anayebeba watoto na wazazi kwenye gari hilohilo aitazame hii kwanza.

3. Shokapu na springi fupi zilizotengenezwa kuendana

Ukitaka gari likae chini kidogo, nunua seti, si springi leo na shokapu mwakani. Bilstein B8 ni ndugu mfupi wa B6, imekatwa urefu kwa ajili ya springi za kushusha. B12 ni hiyo B8 pamoja na springi za Eibach. Baki ndani ya milimita 20 hadi 30. Ukilishusha zaidi ya hapo, kwenye gari lenye mfumo wa strut mbele (shokapu na springi zikiwa nguzo moja inayoshika gurudumu), mkono wa chini huanza kuelekea juu kuanzia chesisi kwenda gurudumuni. Kitovu cha kuyumba, nukta ambayo bodi huizunguka ikilala, hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari, kwa hiyo nguvu inayolilaza gari kwenye kona hupata wenzo mrefu zaidi. Umeshusha gari ili lisilale, nalo linalala zaidi. Dawa yake ni boli jointi zenye shina refu, gharama ambayo muuza springi haitaji.

Hapa pia ndipo watu hudanganywa na namba. Ugumu wa springi husemwa kwa kilo kwa milimita au niutoni kwa milimita. Kilo 1 ni karibu niutoni 9.8. Lakini gurudumu halioni ugumu wote huo. Linaona ugumu uliozidishwa na uwiano wa mwendo (springi inasogea kiasi gani gurudumu likisogea milimita moja), kisha ukazidishwa tena na uwiano huohuo. Springi ya kilo 8 kwenye strut yenye uwiano wa 0.95 inafika gurudumuni ikiwa kilo 7.2. Springi hiyohiyo kwenye mfumo wa mikono miwili, wenye uwiano wa 0.7, inafika ikiwa kilo 3.9. Kwa hiyo "nimefunga kilo 8" ya gari la mwenzako haikuambii chochote kuhusu gari lako.

Kinachosema kweli ni mara ngapi bodi hucheza kwa sekunde. Pembe moja ya gari, yaani gurudumu moja, inayobeba kilo 320 juu ya springi, na ugumu wa niutoni 30 kwa milimita gurudumuni, hucheza mara 1.5. Ukizidisha ugumu mara mbili, inafika 2.2. Magari ya kawaida huwa kati ya 1 na 1.5, ya spoti ya barabarani 1.5 hadi 2. Ukivuka 2, barabara isiwe na viraka, au mgongo wako usiwe na malalamiko.

4. Stabilaiza nene

Hupunguza kulala kwenye kona bila kugusa urefu wala sehemu kubwa ya faraja ukienda moja kwa moja. Ugumu wa chuma kilichojaa hupanda kwa kipenyo cha nguvu ya nne, hivyo kutoka milimita 22 kwenda 24 ni ongezeko la karibu asilimia 42, si asilimia 9 kama jicho linavyodhani. Ukiongeza ya nyuma, mkia huwa mwepesi kutoka. Ukiongeza ya mbele, pua husukuma nje ya kona, ingawa baadhi ya magari ya strut hufaidika kwa sababu tairi la mbele hulala kidogo. Nunua yenye matundu mawili au matatu ya linki, anza na tundu laini kabisa. Upungufu wake ni kwamba inaunganisha magurudumu mawili: shimo la upande mmoja linatikisa pande zote mbili.

5. Koilova za daraja la kati na juu

Koilova ni springi na shokapu zilizounganishwa, zenye nyuzi za kurekebishia urefu. Zimewekwa nafasi ya tano si kwa ubaya, bali kwa sababu wengi hulipia marekebisho ambayo hawatayagusa kamwe. KW V1 hurekebishwa urefu tu, V2 huongeza mkazo wa kurudi, V3 huongeza na mkazo wa kukandamizwa. Bilstein B14 na B16 zinafuata mantiki hiyo, B14 kwa urefu na B16 kwa mkazo pia. Öhlins Road & Track ni ngazi ya juu zaidi, na kwenye barabara mbovu tofauti yake inasikika.

Angalia mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, nyuzi za kurekebishia: zikishika kutu na tope, kola hazizunguki tena, na uwezo uliolipia umekwisha. Chuma kisichoshika kutu kina thamani hapa. Pili, mauntingi za juu: za mpira kwa gari la kila siku, za boli la chuma hupitisha kila sauti ndani na huchakaa haraka zikiingia vumbi. Tatu, kama gari lako lina shokapu za umeme, hakikisha seti inaoana nazo au inakuja na kizuizi cha taa ya onyo kwenye dashibodi.

Usichanganye kukaza springi na kupandisha gari. Kwenye springi yenye ugumu usiobadilika, kuikaza zaidi hakuifanyi kuwa ngumu.

6. Springi fupi juu ya shokapu za zamani

Sura nzuri, kazi duni. Shokapu ya kiwandani ikiwa imechoka, springi ngumu zaidi inaimaliza, na utainunua tu baadaye pamoja na ufundi wa pili.

Viache dukani: koilova za bei ya kutupa zenye "hatua 32" za mkazo ambazo nyingi hazitofautiani, na springi zilizokatwa kwa msumeno au kuchomwa moto. Springi iliyokatwa inaweza kuruka kutoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia. Hilo halina mjadala.

Kufunga: mahali kazi inapoharibikia

Badilisha kwa ekseli, kushoto na kulia pamoja. Usifungue nati ya fimbo ya shokapu kwa mashine ya upepo; fimbo ikizunguka kwa kasi, sili inaumia siku ya kwanza. Ishike kwa ufunguo wa alen ukizungusha nati kwa spana. Kalipa ining'inizwe kwa waya, si kwa hosi ya breki. Fungua waya wa sensa ya ABS kwenye klipu zake kabla ya kushusha mkono wa chini. Kikandamizia springi kikiwa na nyuzi zilizochakaa, usikitumie, na usisimame usawa wa springi iliyobanwa.

Kosa linaloua bushi mpya kuliko yote ni kukaza bolti za mikono magurudumu yakining'inia. Mpira umegundishwa kwenye bomba la ndani. Ukiukaza hapo, gari likishuka chini unabaki umejisokota muda wote na utachanika mapema. Kaza kwa mkono kwanza, beba uzito wa gari kwa jeki chini ya mkono au kwenye rampu, kisha maliza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba za mtengenezaji. Nati za kujifunga zenye plastiki ndani hazirudiwi.

Endesha kilomita mia chache springi zikae, kaza tena, ndipo uende alaimenti. Ikifanywa siku hiyohiyo, urefu utabadilika na fedha imepotea. Kwa shokapu za kurekebishwa, hesabu hatua kuanzia mwisho mgumu, bila kulazimisha zikigoma. Anza laini, ongeza hatua mbili mbili kwenye barabara ileile mpaka bodi iache kuelea baada ya tuta, kisha simama hapo. Ukizidisha mkazo wa kurudi, springi haipati muda wa kurefuka kati ya tuta na tuta, gari linajishusha lenyewe hatua kwa hatua, na unarudi kwenye stopa ulizotaka kuzikwepa. Mwisho, rekebisha taa za mbele: gari likishuka nyuma kuliko mbele, zitawamulika machoni wanaokuja.