Waling'oa silinda nzima, kumbe ni mpira wa hewa

Kama una ndege ndogo aina ya Cessna 206 na skrini imeanza kukuonyesha silinda moja inachemka kuliko wenzake, usiipeleke nilikopeleka yangu. Jina la karakana silitaji. Wanajijua.

Mita ya joto la ekzosi, yaani moshi unaotoka kwenye silinda, waliniwekea wao wenyewe, ile ya kusoma silinda zote sita. Sina neno na mita. Zamani nilikuwa na sindano moja inayosoma silinda moja, tano zilizobaki nikimwachia Mungu. Kwa hiyo siku niliyoichukua ndege nilitoka pale nikiwasifu, na watu wawili watatu niliwaelekeza kwao. Hao sasa hawanipigii simu.

Haukupita muda nikaanza kuona vituko vya silinda namba 5. Nikitoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Lamu, kule juu futi 9,500 nikiwa nimeisukuma injini kwa nguvu zote, shwari kabisa. Ukweli zile namba zote sita za joto hazilingani, lakini hazitakiwi kulingana: sensa moja, kile kifaa cha kupimia joto kwenye bomba la moshi, imekaa karibu na silinda, nyingine mbali kidogo, na kila bomba lina tabia yake. Lakini nikianza kuteremka kwenda Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, na kupunguza nguvu, namba 5 inaruka peke yake, nyuzi 100 za Fahrenheit na zaidi. Nikitua, injini ikizunguka polepole, inatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Nikipaa tena kwa nguvu zote kurudi Nairobi, imepona.

Mtu yeyote anayeijua injini angeshtuka hapo hapo. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa yake nyepesi. Ukiisukuma injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuishindilia hewa, mpaka mwisho pale, presha ndani ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, inafika kama inchi 24 za zebaki, karibu sawa na ya nje. Hata pakiwa na tundu kwenye njia ya hewa, hakuna kinachoivuta hewa ipite. Sasa teremka hadi usawa wa bahari, nje kuna inchi 30, wewe umepunguza mpaka 17 au 18. Injini inafyonza kwa kila upenyo inaoupata. Hewa ya wizi inaingia, mafuta hayajaongezwa, silinda ile moja inabaki na mafuta machache na moshi wake unatoka mkali.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi, urefu, presha, joto, nikampelekea mkubwa wa karakana mkononi. Hakuisoma. Aliikunja mara mbili akaiweka chini ya kikombe chake cha chai ili meza isilowe. Halafu akaniambia, mbele ya vijana wake, "Mzee, pwani kuna joto. Wewe ni rubani, endesha. Injini tuachie sisi."

Chini ya kikombe cha chai!

Nikameza. Nikamwomba jambo dogo tu, wabadilishane sensa ya namba 5 na ya namba 3, tuone kama joto litahama na sensa au litabaki palepale. Ni kazi ya muda mfupi na haina gharama ya kipuri. Akasema hawafanyi kazi kwa kubahatisha. Badala yake wakapima kompresheni, yaani silinda inashikaje presha, wakapata 62 kwa 80 kwenye namba 5, wakatangaza msiba: silinda imekwisha. Kwa injini ya Continental kama yangu, 62 si hukumu ya kifo. Waliotengeneza injini wenyewe wametoa waraka tangu 2003 kwamba kipimo hicho kilinganishwe na orifisi maalumu, kitundu cha kipimo, ambayo mara nyingi inakupa kikomo cha chini kwenye 40 na kitu, na uchungulie ndani kwa boreskopu, ile kamera nyembamba, kabla ya kuhukumu. Niliuliza boreskopu iko wapi. Nikaambiwa imeazimwa.

Na hawakuniuliza swali hata moja. Joto la kichwa cha silinda lilikuwa linapanda au linashuka? Maana ekzosi ikipanda na kichwa kikipoa, unatafuta plagi iliyokufa, na ukizima magneto, vile viwili vinavyozipa plagi cheche, moja moja itajisema yenyewe. Joto linapanda na kushuka taratibu, kama mara moja kwa dakika? Hapo unaogopa vali ya ekzosi inayoungua. Linazidi ukiwa na nguvu zote? Nozeli inayonyunyiza mafuta imeziba. Langu lilizidi nikiwa na nguvu kidogo. Jibu lilikuwa linapiga kelele, wao wanaagiza silinda.

Nililipa. Pesa ile ingeninunulia bodaboda mbili na nyongeza ya kofia. Silinda ikafika, ikafungwa, na hapa ndipo wanaponitia hasira zaidi, kwa sababu kwa muda walionekana wako sahihi. Silinda mpya inataka kuendeshwa kwa nguvu mwanzoni ili ringi zikae vizuri. Kwa hiyo nikawa naikimbiza, sipunguzi. Namba 5 ikatulia. Mkubwa akanipigia simu, "Umeona, mzee?" Nikamwambia asante. Neno hilo bado linanikera.

Ringi zilipokaa nikarudi kwenye safari zangu za Lamu. Nikaanza kuteremka, nikapunguza nguvu. Namba 5 ileile, joto lilelile. Wakaniuzia sensa mpya. Wapi. Wakaniambia sasa waagize nozeli sita. Hapo nikaiondoa ndege kwenye hanga lao.

Aliyeitibu ni mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa ndege, sitamtaja naye kwa sababu hapendi kusumbuliwa. Hakushika spana. Alikamata waya wa namba 5 nyuma ya skrini akaufuata kwa vidole, polepole, kupita ukuta wa kuzuia moto wa injini, mpaka kwenye bomba. Akasimama. Akacheka kicheko kirefu cha kuudhi. Waya ulioandikwa 5 ulikuwa umeishia silinda ya nyuma kulia, na kwa Continental hiyo ni namba 1.

Lycoming, kampuni nyingine ya injini za ndege, huanza kuhesabu silinda zake mbele, kwenye propela. Continental huanza nyuma. Aliyefunga sensa alihesabu Kilycoming, aliyeng'oa silinda alihesabu Kicontinental, na wote wawili wanalipwa mshahara na ofisi moja. Yaani walinitolea silinda ya mbele ambayo haikuwa imemkosea mtu, mgonjwa akabaki nyuma anawaangalia. Wangekubali kubadilishana sensa nilivyoomba, wangeshika waya ule na kuona unakokwenda.

Kisha mzee akaomba mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, akaielekeza kwenye mlango wa hewa wa injini, akapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Silinda ya nyuma kulia, kwenye kipande cha mpira kinachounganisha mabomba ya hewa, povu likachemka. Mpira umekakamaa kwa uzee na umepasuka upande wa chini usioonekana, klipu imelegea. Mpira mpya na klipu zake mbili havikufika hata gharama ya kusafirisha ile silinda. Safari iliyofuata nimeshuka Manda kwa nguvu kidogo kabisa na zile nguzo sita za joto kwenye skrini zikateremka pamoja kama inavyotakiwa.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota moja. Lakini niwe mkweli, silinda waliyoifunga imefungwa vizuri, haivuji tone la oili, na mita inasema kweli tangu mzee aliponipangia waya upya. Na kijana wao mmoja alinifuata nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, mzee, tulikosea." Kwa ajili yake niseme mbili.

Ila nimeichukua invoisi sasa hivi nikiandika, na mstari wa tatu unasema: "Uchunguzi wa hitilafu." Wamenitoza uchunguzi! Na kung'oa silinda si jambo la kufanya kwa kujaribu. Boliti ndefu zinazoshika silinda ndizo hizohizo zinazobana nusu mbili za injini, na zisipokazwa kwa kipimo chake, beringi za kranki, mhimili mkuu wa injini, zinaweza kusogea. Nimepita juu ya Mto Tana na abiria nikiwa na injini iliyofunguliwa bure. Sifuri. Kama sifuri haikubaliki hapa, ihesabuni moja hii kuwa ya yule kijana.

Na silinda yangu ya zamani, ile nzima, bado iko kwao. Nimeidai kwa simu, nikaidai kwa ujumbe, wananiambia mkubwa yuko mkutanoni. Nitakuja kuichukua mwenyewe, na karatasi yangu pia, hata kama ina alama ya kikombe.