Samaki wa Mnazi Mmoja, Lindi, na ile sahani iliyofunikwa kawa

Nimekula sehemu nyingi barabara ya kusini ila hiki kibanda cha Mnazi Mmoja pale Mingoyo naona watu wanakipita tu kwa sababu hakina hata bango, so ngoja niwaambie. Kwa wasiopajua, ni pale njia panda, ukitoka Lindi mjini unafika hapo ndo barabara inagawanyika, hii ya Mtwara na hii ya Masasi, gari ikisimama tu vijana wanakuja dirishani na masinia ya samaki na mihogo. Wale wa dirishani wako poa sina neno nao, lakini ukipata muda shuka, zunguka nyuma ya wauza matunda, utaona moshi na benchi mbili, moja inayumba. Ndo hapo.

Mama anapika mwenyewe. Changu na vibua, anapaka chumvi, ndimu na kitunguu swaumu, anaacha vikae kwanza ndo anatia kwenye mafuta, siyo wale unaokuta wamekaangwa jana leo wanapashwa. Ugali ni wa muhogo, watu wa bara mtaushangaa rangi na unavyovutika, vumilieni tonge tatu za mwanzo mtaelewa. Kisamvu cha nazi ndo sitaki hata kukielezea. Mara ya mwisho sahani nzima nililipa 4,000. Siku nyingine anakuwa na pweza, msimu ukifika utakuta na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha pembeni, omba na chumvi yenye pilipili.

Sasa kilichonifanya niandike siyo samaki peke yake.

Mara ya kwanza kukaa pale sikupanga. Nilikuwa natoka Mtwara naenda Masasi, nauza pembejeo, wakati wa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, yani kila mtu anakupigia simu, afu koasta yetu ikafia klachi pale pale njia panda. Kondakta akasema nusu saa. Ikawa masaa matatu na zaidi na nauli harudishi. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma, na cha kuchekesha asubuhi ile ile kabla sijatoka nimepiga goti kama kawaida yangu, Bwana nitumie leo kwa yeyote utakayenikutanisha naye, amina, nikachukua begi. Ni sala niliyoizoea tu, sisi Waanglikana wa Masasi tumekua nayo, unaisema kama unavyosema shikamoo.

Nimekaa kwenye ile benchi inayoyumba, pembeni yangu kuna babu kashika bahasha ya kaki imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, afu akawa ananiangalia angalia. Nikajua anataka kitu. Mi nikafanya nini, nikatoa simu nikajifanya naongea na mteja. Simu haina hata chaji vizuri lakini naongea. Nasema ukweli ili mjue mtu anayeandika hapa ni wa aina gani.

Mama akaniletea sahani, akasimama, hakuondoka. Akasema, "Mwanangu, ukimaliza hiyo simu yako msomee babu karatasi yake. Toka asubuhi yupo hapa, bodaboda watatu wameisoma na kila mmoja kasoma lake. Nikamwambia kaa ule, Mungu ataleta msomaji."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe ilikuwa barua ya rufaa, imeandikwa kwa Kiingereza na ule mwandiko wa kidaktari, anatakiwa hospitali ya Ndanda kwa ajili ya mtoto wa jicho. Bodaboda mmoja alimwambia ni hospitali ya Nyangao, mwingine kamwambia tarehe imeshapita arudi kijijini akaandikiwe upya, na babu alishaanza kuulizia gari za kurudi. Tarehe ilikuwa kesho yake. Kesho! Nikampigia binti yake anayekaa Chikundi kwa simu ile ile niliyokuwa naigizia, ikazima tukiwa tumeshaelewana ampokee wapi.

Sasa hapa watu wa ushuhuda wangesema Mungu ndo aliua klachi. Mi siendi huko, kwenye koasta yetu kulikuwa na mdada, tumeshushwa wote, mtoto wake mchanga analia juani, sidhani kama naye aliteseshwa ili mi nisome barua. Ninachojua ni kwamba gari ilikufa, na mi nilikaa pale nikiwa nimeomba nitumike na bado nikakwepa, na aliyenishika mkono ni mama wa Kiislamu ambaye hata sala yangu hakuisikia. Kwenye Biblia, Matendo ya Mitume, Filipo anaambiwa na Roho sogelea lile gari la Mwethiopia anayesoma asichokielewa, naye anakimbia. Mi sikuhitaji hata kukimbia, nilikuwa nimekaa naye benchi moja na bado nimechelewa.

Tulipopata gari nyingine babu akakaa na mimi mpaka Ndanda, njia nzima ananieleza mikorosho yake na jinsi upepo wa asubuhi unavyomchezea salfa, nimejifunza vitu ambavyo kwenye semina za kampuni havisemwi. Nani alikuwa anatumika kwa nani mpaka leo sijui.

Nimesharudi pale mara nne. Mara ya pili nikataka kulipia chakula alichokula babu siku ile, mama akakataa, akanionyesha sahani moja kaiweka pembeni ya jiko imefunikwa kawa. Kila siku anatenga moja ya mtu wa njiani asiye na hela. Nikamuuliza ni sadaka? Akacheka, "Sadaka gani, ni miadi. Asipotokea nakula mwenyewe."

Kasoro zipo. Choo hakuna, utaomba kwa majirani. Wakati wa mvua paa linavuja upande wa benchi nzima, so inabidi ukae kwenye ile inayoyumba. Huduma ni taratibu kwa sababu yuko peke yake na anaongea na kila mtu, kama dereva wako ana haraka nunua dirishani tu. Malipo ya simu anapokea ila mtandao ukisumbua utamkuta anakwambia utaleta siku nyingine, na anamaanisha kweli, so beba keshi usimuumize.

Samaki wanaisha saa nane mchana, ukichelewa utakuta kisamvu tu. Na ukiona ile ya kawa usiulize bei, nimeona jamaa kaiwekea 5,000 mezani kakataliwa, haiuzwi.